Gari Lililokataa Kushika Mwendo

Mwanyumba wangu, yaani yule aliyemuoa dada wa mke wangu, ana gari linalojiendesha. Haya, tuseme halijiendeshi kabisa, ila lina kitufe kwenye usukani. Akishafika mwendo anaoutaka anakibonyeza, anatoa mguu, na gari linaushika mwendo huo lenyewe mpaka atakapokanyaga breki. Wenyewe tunakiita kruzi. Siku alipompeleka mama mkwe Lindi kwa kitufe hicho, mama alirudi Mbagala akawasimulia majirani mpaka wakaanza kumkwepa.

"Nimekunywa chai ndani ya gari, wala tone halikunidondokea!"

Mie nilikuwa nimempelekaga Lindi mpaka matairi yakabaki laini kama kichwa cha mtoto mchanga. Hakuna jirani aliyepata habari zangu, isipokuwa habari ya tochi. Trafiki wa barabara ile walikuwa wakinipiga tochi ya kupimia mwendo kila kijiji chenye kibao cha hamsini, nikawa nadhani wamesambaziana picha yangu. Mwanyumba, na kruzi yake, alipita kote huko kama mgeni rasmi.

Nisidanganye, nilikuwa na wivu. Na siyo wivu wa kawaida; ungeweza kuuwekea sufuria ya maharage yakaiva. Mwenzangu ni mtoto wa watu wa duka, vitambaa pale Kawe tangu enzi za babu yake, nyumba Mbezi Beach, kanzu imenyooka hata jua la saa saba. Mie nakaa Goba mlimani, nafanya kazi kwenye ghala la vifaa vya ujenzi, na cheti changu cha sekondari nimekipata kwa masomo ya jioni, macho yamevimba kwa usingizi. Lakini kilichoniuma zaidi ni hiki: gari langu nalo lina kitufe hichohicho. Nilipolinunua kilikuwa kinafanya kazi. Nilikijaribu siku moja, nikaona ni mambo ya wavivu, nikaachana nacho.

Sasa ikatokea arusi Lindi, mtoto wa kaka yake mama mkwe anaolewa. Wakwe zangu wana utaratibu wao. Gari lililombeba mama ndilo linalopokewa kwa vigelegele, na dereva wake anatandikiwa mkeka na kupakuliwa wa kwanza. Gari la pili wanaliuliza tu kama limebeba mchele. Kwa hiyo Jumapili moja tulipokutana kwa mama, nilikaa mkao wa mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Mie mgongo wangu mnaujua," mama akasema. "Napanda gari lenye kruzi. Basi."

"Mama, hata langu lina kruzi!"

Mwanyumba akacheka taratibu, na kicheko chake hicho cha adabu ndicho kinachoniudhi. "Mwanyumba, ya kwako si ya pambo? Usihangaike, bwana. Siti yangu ya nyuma ipo."

"Utaona, braza," nikamwambia.

Kesho yake nikaenda kujaribu. Goba huwezi kujaribu kitu kama kile. Kabla hujafika arobaini umeshakutana na tuta, na kruzi chini ya arobaini haisikii. Nikateremka hadi Barabara ya Bagamoyo, nikaelekea Bunju. Taa ya kijani kwenye dashibodi ikawaka vizuri. Nikafika themanini, nikabonyeza, nikatoa mguu. Gari likaanza kupoa kama mtu aliyepitiwa na usingizi. Nikabonyeza tena. Nikabonyeza kwa upole, nikabonyeza kwa hasira, nikabonyeza na bismillahi. Wapi! Basi lililokuwa nyuma likanipigia honi mpaka nikasahau jina langu.

Nikalipeleka kwa fundi umeme pale kwetu. Akabadilisha fyuzi, akasafisha swichi iliyo juu ya pedali ya breki, akapima nyaya, akaniambia kila kitu kizima. Nikaenda tena Bunju, gari likapoa tena. Usiku nilikuwa naota mwanyumba anakunywa chai.

Nikaamua kutumia fizikia yangu ya jioni. Nikajiuliza: kitu gani huwa kinaiambia kruzi iachie? Breki. Basi, huenda gari linaona breki pale ambapo mie sijakanyaga. Magharibi, giza likianza kuingia, nikalirudisha nyuma hadi karibu na ukuta wa jirani, nikamwita mke wangu asimame nyuma ya buti.

"Nikikanyaga, sema."

"Umekanyaga."

"Nikiachia, sema."

Nikaachia, nikasubiri.

"Mama watoto, nimeachia!"

"Hujaachia wewe."

"Nimeachia! Mguu upo huku juu kabisa!"

"Mbona ukutani bado kuna wekundu? Hafifu, kama kaa linalozimika. Njoo uone mwenyewe."

Nikashuka. Kweli, ukuta ulikuwa umeona haya. Mke wangu akanitazama, kisha akazitazama zile taa.

"Si hizi ulizoweka baada ya shemeji kununua gari?"

Nilijifanya sijasikia. Gari la mwanyumba ni la kisasa, taa zake za breki zinameta kama dirisha la sonara, nami nilikuwa nimeingia Kariakoo kutafuta balbu za kumeta zaidi ya zake. Nilizipata. Mtaa mzima wa Goba ulikuwa ukinisifia. Sasa kumbe balbu zenyewe zinakula umeme mdogo mno hata gari linachanganyikiwa, linadhani dereva amekanyaga breki muda wote. Na kruzi haiwezi kumshikia mwendo mtu aliyekanyaga breki.

Ikabidi nichague, kumeta au mama mkwe. Niliuona wivu wangu mmoja unaula mwingine. Nikazing'oa, nikarudisha balbu za kizamani zinazowaka kama kibatari, tukateremka barabarani mie na mke wangu. Themanini. Nikabonyeza, nikatoa mguu.

"Umeachia?" akauliza.

"Nimeachia."

"Mwongo!" Akainama kutazama miguu yangu, akapiga kigelegele mle ndani, masikio yakaziba mpaka Tegeta.

Mama alikubali ushahidi wa bintiye, ila kwa onyo: "Ukinitikisa tu, nateremka Kibiti nahamia kwa mwenzio."

Tukaondoka, mwanyumba nyuma yetu. Kwenye vijiji naweka hamsini, kijiji kikiisha napandisha themanini. Trafiki mmoja aliinua tochi yake, akaishusha, nikampungia kama mbunge. Kibiti tukaipita mama amelala. Alipoamka akapiga miayo.

"Mwanangu," akamwambia mke wangu, "gari hili ni la kiungwana. Siku zile mumeo alipokuwa anaendesha mwenyewe, nilikuwa nafika Lindi nimevunjika."

"Mama, hata sasa naendesha mie!"

"Wewe umekaa tu, baba. Nimekuangalia."

Yaani nilikionea wivu kitufe changu mwenyewe. Nikagusa breki kidogo ili ajue nipo. Kruzi ikaachia, gari likastuka.

"Enhe, kashika yeye tena! Mwambie amrudishie mwenyewe."

Nikabonyeza kitufe, nikamrudishia mwenyewe.

Lindi vigelegele vilipigwa kwetu. Nikatandikiwa mkeka, nikapakuliwa wa kwanza, mwanyumba wa pili. Pembeni mama alikuwa amezungukwa na ndugu zake, anawasimulia habari za gari: linavyopanda, linavyoshuka, lilivyo na adabu. Nikamsubiri anitaje. Akahamia habari za mgongo.

Mwanyumba akaniinamia. "Umeona? Hata mie hakunitajaga. Mwaka mzima nalisikia gari langu tu."

Kumbe! Nilimhurumia, nikamsogezea sahani ya kuku achague kwanza. Akachagua firigisi. Nimeshahudhuria arusi nyingi baada ya ile, lakini firigisi ile bado naiona ikiingia mdomoni mwake.