Mwanamke aliyeharibu picha ya Kilo

Mama Bibiane alikuwa mtu wa kukaanga mandazi na wa kusema mambo kama yalivyo, na mjini Bunia, mashariki mwa Kongo, watu walijua kwamba yote mawili huyafanya kwa moto mkali. Mwezi wa tano wa mwaka 2003, vita vilipoingia hadi vichochoroni, alikimbia na kitenge alichovaa. Aliporudi alikuta wamebeba masufuria, unga, hata mlango. Mafiga matatu tu ndiyo yaliyobaki. "Wajinga," alisema, "wameniachia jiko." Wiki haikuisha, akaazima karai, akaanza upya. Alikuwa mjane wa siku nyingi, hakujaliwa mtoto, na ukijitia kumwonea huruma alikujibu mpaka ukajionea huruma mwenyewe.

Jumapili moja ya mwezi wa kumi, baada ya ibada, mchungaji aliwaomba wazee wabaki. Kanisa lilikuwa limeporwa, na picha zote za zamani zilikuwa zimeungua. Sasa mkimbizi mmoja kutoka mji mdogo wa Kilo, seremala aitwaye Hubert, ameleta picha ya kusanyiko kubwa lililofanyika huko mwaka 1968. Mchungaji alitaka kila uso upate jina kabla picha haijatundikwa ukutani. Hubert alikuwa na miaka thelathini na mitano, akilala kambini chini ya turubai. Siku ya kukimbia alibeba vitu viwili tu: randa yake, na picha hiyo ndani ya mfuko wa plastiki.

Muzee Evariste alivuta kiti cha mbele kabla hajaitwa. Mwaka ule wa kusanyiko alikuwa akiishi mji mwingine, Komanda, na wahenga walishasema asiyekuwepo na lake halipo, lakini yeye methali huwaachia wengine. Kila mwanaume mwenye masharubu alikuwa mjomba wake. Alipofika mjomba wa sita, Mama Bibiane alishindwa kuvumilia.

"Muzee Evariste, nyanya yako alizala watoto ao alizala bataillon muzima ya askari?"

Watu wakacheka, na kazi ikaenda. Bibiane, aliyekuwa akiishi Kilo siku zile, alianzia mstari wa nyuma. Huyu katekista, na hiyo saa ya mkononi si yake, aliiazima. Huyu mpiga ngoma, alioa wasichana wawili wa familia moja, akajuta mara mbili. Mchungaji alikuwa akiandika, na mambo ya kujuta aliyaruka. Ndipo Hubert akaweka kidole kwenye mstari wa mbele.

"Huyu njo mama yangu," alisema.

Chini ya kidole alikaa msichana mwenye shingo ndefu na mwanya, amepakata mtoto mwenye kofia ya sufu. Bibiane aliinama, akatazama. Msichana yule alikuwa yeye mwenyewe.

Hubert hakugundua hilo. Alieleza kwamba mama yake alikufa yeye hajaanza kutembea, baba akafuata muda mfupi baadaye, naye akalelewa na shangazi aliyehamia Kilo baada ya hayo yote. Kofia ya sufu shangazi aliitunza sandukuni, kwa hiyo mtoto alijulikana. Tena nyuma ya picha baba alikuwa ameandika kwa mkono wake: Kilo, 1968, Hubert na mama yake.

"Angalia shingo," Hubert alisema. "Angalia macho. Mu Kilo muzima hakukuwa mwanamuke muzuri kama huyu."

Ujana ni moshi, ukienda haurudi. Lakini hapa moshi ulikuwa umerudi, na mwanaume mzima anausifu mbele ya wazee wa kanisa. Miaka mingapi hakuna aliyeitaja shingo ile! Bibiane alijua anapaswa kusema. Badala yake alijikuta anauliza, "Na akili? Anaonekana na akili pia?"

"Sana, mama."

"Endelea."

Hubert akatabasamu kwa haya. "Kila asubuhi minamusalimia. Minamuambia: mama, tuko wazima, usihangaike."

Hapo utamu ukamwisha Bibiane. Alitamani kunyamaza, na tusimfiche, hakutamani kwa ajili ya Hubert peke yake. Nyumba ya huyu mtu imechomwa, ndugu wametawanyika. Kwa nini anyang'anywe na sura? Na kumbe kila asubuhi, kule kambini, kuna mtu anayemwamkia yeye Bibiane na kumwita mama. Lakini Léontine, aliyemzaa Hubert, naye alikuwa pale pale pichani, na miaka yote hiyo hakuna aliyemsalimia. Hilo lilimuuma kuliko lile la kwanza.

"Mutoto wangu," alisema, "huyu haiko mama yako. Huyu iko miye."

"Haiwezekane!" Evariste akaruka. "Huyu iko mwembamba!"

"Na weye zamani ulikuwa na nywele. Nyamaza."

Kisha akamweleza Hubert polepole. Kusanyikoni mpiga picha alifika siku moja tu, na mwanamke aliyeolewa hakukubali kuingia kwenye picha mikono mitupu. Ambaye hajazaa aliazimwa mtoto na mwenzake. Hakuna aliyeombwa, hakuna aliyeshukuru, ndivyo wanawake walivyosetiriana. Bibiane alikuwa na miaka miwili ya ndoa bila dalili. "Mama yako aliniona minasimama pembeni. Akasema: kamata ye, dada, leo iko wako." Mwezi uliofuata Bibiane alimfuata mume wake Bunia. Habari za kifo cha Léontine zilimfikia; za mtoto, hazikufika.

Hubert akakiondoa kidole. "Sasa yeye iko wapi?"

Bibiane akamwonyesha. Upande wa kushoto, nyuma ya mabega ya wengine, watu wote wakiwa wamekakamaa wakiangalia mbele kama walivyoamriwa, mwanamke mmoja amegeuza kichwa, kinywa wazi, sura imetikisika kidogo.

"Huyu?" sauti ya Hubert ilipasuka. "Huyu shangazi alikuwa anasema aliharibu foto."

"Aliiharibu kabisa. Fotografe alipiga kelele. Yeye alikuwa anakuangalia weye tu."

"Alikuwa anacheka nini?"

"Ulikuwa unanikojolea. Kitenge ya kusanyiko, mupya, siku ya kwanza!"

Evariste alicheka mpaka akashika meza, na mchungaji akaweka kalamu chini. Hubert alicheka pia, machozi yakimshuka bila kuyafuta, naye Bibiane analia hadharani, jambo ambalo hata vita havikulipata kwake. Hubert aliusogeza uso hadi karibu na karatasi. Alimtazama kwa muda mrefu yule mwanamke aliyetikisika.

"Mama," alisema, "alikuwa anacheka namna gani?"

Bibiane alifumba macho. Kisha akacheka kicheko cha Léontine: cha juu, cha kukatika katikati, kikimeza pumzi na kuanza tena kwa nguvu. Uani watoto waliacha kucheza wakageuka. Hubert alibaki ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza redio ya mbali.

"Rudilia," alisema.

Bibiane akavuta pumzi, akacheka tena.