Simu za Muuza Bima

Fundi cherehani aliingia kituo cha polisi amefura kwa hasira, mkamwana wake nyuma na mkoba. Kisa ni muuza bima ya mazishi, aliyempigia kila siku kumuuliza kama amejiandaa, yeye ambaye bado ana magauni sita ya harusi ya kushona.

"Simu moja si kosa, mama," alisema polisi wa zamu. "Umemkataza?"

"Mpaka sauti imenikauka."

"Na bado anapiga tena na tena, bila jambo la maana?"

"Ananikera tu."

"Basi huo ni usumbufu, na sheria inambana. Una ushahidi?"

Fundi akafungua daftari la vipimo. Saa na tarehe zote zilikuwemo, kando ya viuno na mabega ya wateja. Polisi akamsogezea fomu.

Fundi akageuka amwoneshe mkamwana jinsi watu wazima wanavyodai haki. Mkamwana alikuwa ameinamia simu yake, akihesabu kimoyomoyo. Jana peke yake mama mkwe alipiga mara kumi na moja kuuliza mtoto amekula nini, na alishaombwa aache.

"Afande," mkamwana alisema kwa adabu zote, "naomba na mimi fomu."