Gitaa Nililomtengenezea Kaka

Kaka yangu alipiga gitaa kwenye bendi za benga tangu ujana wake, Kisumu, Homa Bay, hadi Busia, lakini hakuwahi kuwa na gitaa lake. Bendi zetu ndivyo zilivyo. Vyombo ni vya mwenye bendi, na ukikosana naye unaondoka na vidole vyako tu. Kaka alikosana na wengi.

Mimi ni fundi seremala. Nina kibanda Kaloleni, hapa Kisumu, nyuma ya zile nyumba za zamani za kaunsili, natengeneza vitanda na kabati, na majeneza watu wakifiwa. Wateja wageni hunipita wakaangalia ndani, kisha huniuliza fundi yuko wapi. Kaka alikuwa akipenda kuwajibu kabla yangu: "Fundi ndiye huyo mama mwenye randa. Mimi nakula tu hapa."

Alipougua TB, tulidhani ni ile ya kumeza dawa na kupona. Hakupona. Wakampima tena wakasema ni TB sugu, ile isiyosikia dawa za kawaida, na kwamba atachomwa sindano kila siku kwa miezi. Nilikuwa naye kliniki siku ile. Muuguzi alikuwa mama wa makamo, hakuzunguka maneno.

"Hii sindano inaokoa," alisema, "lakini kuna watu inawamaliza masikio. Ukianza kusikia mlio kwa kichwa, utuambie mara moja."

"Na nikiwaambia mtafanya nini?"

"Tutapunguza dawa. Ama tubadilishe, kama kuna ya kubadilisha."

"Na kama hakuna?"

Muuguzi akainamia kadi yake. Kaka akakunja mkono wa shati, akauliza wanachomea wapi.

Tulipotoka nje alikaa kwenye benchi, barakoa usoni, akanishika mkono.

"Nyamera," akasema. Maana yake dada yangu kwa Kiluo, hakuwahi kuniita jina. "Nitengenezee gitaa. Si ya stima. Nataka ya mbao tupu, ya kuweka hapa kifuani, niisikie vizuri nikiwa bado nasikia."

"Omera," nikamjibu, yaani kaka, "mimi ni mtu wa vitanda."

"Kwani gitaa si kitanda kidogo?"

Ubao wa uso wa gitaa tuliupata Otonglo, kwa mzee mmoja anayeuza mbao za nyumba zilizobomolewa. Ulikuwa mtarakwa mkavu, wa dari ya zamani, bado una matundu ya misumari pembeni. Kaka alipitia mbao zote pale. Alikuwa anaushika kila ubao juu kwa vidole viwili, anaugonga kwa kidole gumba, anausikiliza sikio likiwa karibu. Mzee wa mbao alidhani ni mgonjwa wa kichwa. Ule wa mtarakwa ulipogongwa ulitoa sauti ndefu, na kaka akafumba macho.

"Hii inaongea."

Nilijifunza kwa kuharibu. Mbavu za pembeni nilizichonga za mvule, nikazilowesha kwenye beseni, kisha nikazipinda juu ya bomba la chuma lililojaa makaa. Ubavu wa kwanza ulivunjika kama biskuti. Kaka alicheka mpaka kikohozi kikamtoa nje. Kila akitoka kuchomwa sindano alikuja kukaa pale mlangoni, kwenye upepo, mbali kidogo nami kama alivyoagizwa, na akawa masikio ya kazi yangu. Nilichonga vijiti vya kushikilia uso kwa ndani, nikagonga, naye akasema, "Toa kidogo upande wa kushoto. Bado. Bado. Hapo, wacha!" Mimi sikusikia tofauti yoyote. Niliamini tu.

Asubuhi moja aliuliza, "Nani anachemsha maji?"

Hapakuwa na birika. Hapakuwa na jiko lililowashwa.

Alimwambia muuguzi siku hiyohiyo. Wakapunguza sindano, wakampima masikio, wakamwambia dawa nyingine haijafika. Mlio haukupungua. Kilichofuata kilikuja polepole, na kilianzia kwenye sauti nyembamba. Ndege walitangulia. Kisha watoto wakicheza nje. Kisha siku moja nilikuwa nyuma yake napiga msasa shingo ya gitaa, napiga kwa nguvu hasa, naye akageuka.

"Mbona umeacha kazi?"

Nilimwonyesha msasa mkononi. Akautazama muda mrefu. Akasema sawa, akageukia barabara.

Kuanzia hapo nilikuwa kama mtu anayekimbizwa. Niliahirisha kabati za watu, sikuenda kanisani, nililala na harufu ya gundi. Lakini gundi haina haraka, na vanishi huku kwetu, kwa unyevu huu wa ziwa na mvua za kila jioni, hukauka inapotaka. Nilikuwa naigusa kwa ncha ya kidole, inanata, nakaa chini nalia, nanyamaza kabla kaka hajafika.

Siku ya kuweka nyuzi ilikuwa Jumamosi, jua kali. Nilikuwa nimejifunza kuzikaza kwa kutumia programu ya simu, kwa hiyo nilimkabidhi gitaa likiwa tayari. Alilipokea kama mtu anayepewa mtoto mchanga. Alipapasa mgongo wake, akanusa tundu, akatabasamu kwa macho juu ya barakoa. Kisha akapiga uzi mnene.

"Naisikia," akasema. "Kwa mbali. Naisikia."

Akashusha barakoa, akalaza taya kwenye bega la gitaa ili sauti impitie mfupani, akapiga tena, na uso wake wote ukafunguka.

Benga haipigwi kwenye nyuzi nene. Wimbo wenyewe unakimbia juu, kwenye zile nyembamba. Vidole vyake vikapanda huko vyenyewe, kwa mazoea, na gitaa likaitika. Lilikuwa zuri! Sauti ilitoka safi, tamu, ya haraka, na vinyozi wa kibanda cha jirani wakatoka nje na mashine mikononi. Mmoja akaanza kuyumbisha mabega. Kaka aliendelea kidogo, taya limebana mbao, kisha akapunguza, akasimama.

"Zinalia?" aliniuliza.

Niliitikia kwa kichwa.

"Zote?"

Nikaitikia tena.

"Mimi nasikia vidole tu vikigonga mbao," akasema. Hakulia. Alinirudishia gitaa kwanza, kwa uangalifu, akavuta barakoa, ndipo akalia.

Kifua kilipona. Wakampongeza kliniki, wakampigia makofi ambayo hakuyasikia. Masikio yalizima yote mawili, na kifaa walichomjaribishia kilimletea kelele tupu. Akarudi nyumbani, karibu na Pap Onditi, kwa mkewe, akalima mtama. Gitaa alikwenda nalo. Wifi aliniambia jioni hulipiga akiwa amelikumbatia, na kwamba nyuzi zilikuwa zimelegea, kila moja upande wake, na majirani wanacheka. "Njoo uzitengeneze," alinisihi.

Nilikwenda. Kaka aliona nikitoa simu na kuzungusha vifungo vya nyuzi kimoja baada ya kingine, akaelewa. Nilikuwa naongea naye kwa kumwandikia kwenye simu, lakini yeye alijibu kwa mdomo, kwa sauti kubwa kupita kiasi, kama watu wasiosikia sauti yao wenyewe.

"Imekuwa ikilia vibaya?"

Niliandika: Ndiyo.

"Siku nyingi?"

Ndiyo.

Kuku walipita kati yetu.

"Basi legeza zote, nyamera. Ikikaa imekazwa na haipigwi, shingo itapinda. Umechonga vizuri sana hii shingo."

Nilizilegeza mbele yake. Kila uzi ulishuka ukiguna, na wifi aliyekuwa jikoni akaacha kuchota unga akasikiliza. Kaka alikuwa ananitazama usoni, si mikononi, na sijui aliona nini pale, kwa maana alitoa kitambaa kilichokuwa begani mwake akanipa nijifute. Kisha akaniambia ugali uko karibu, nisiondoke bila kula, akatoka kwenda kufungua ng'ombe.

Tangu hapo watu wawili watatu wamenijia kibandani wakitaka gitaa kama lile. Nawaambia natengeneza vitanda.