Komeo la Kuazima

Mjomba wangu alisema nitarudi kwetu Kihesa, Iringa, kabla mahindi hayajakomaa, nikiombaomba lifti kwa madereva wa malori. Alisema hivyo mbele ya watu, siku niliyoondoka kwenda Afrika Kusini na begi la shule lililoshonwa kwa uzi wa gunia. Jirani akaongezea, "Huyo? Makambako yenyewe hataiona." Niliiona, nikaipita. Nilifanya kazi miaka mingi katika nyumba ya kutunzia wazee, nikigeuza vitandani watu wazito kuliko mimi. Niliporudi nilijisomesha mwenyewe stashahada ya ustawi wa jamii. Cheti changu kiko sebuleni ndani ya fremu, na mjomba hukaa chini yake kila anapokuja kula kwangu.

Kwa hiyo sista wa wodi aliponiambia kuwa sitaweza, sikushtuka. Nilikuwa nimelizoea neno hilo.

Hiyo ilikuwa Mbeya, katika hospitali iliyoniajiri kuwarudisha makwao wazee waliopata nafuu ya maradhi ya akili. Bibi mmoja wa Kalenga alikuwa amepata nafuu siku nyingi. Alimeza dawa zake bila kukumbushwa, alifuma vitambaa, aliwatania wauguzi kuhusu waume zao. Kila asubuhi alikaa kitandani akiwa amefunga furushi la kanga zake, akitazama mlango wa wodi. Hakuna aliyekuja kumchukua.

"Wenzako walishampeleka kwao," sista aliniambia. "Kila aliyempeleka alirudi naye."

"Kwa nini?"

"Hawakusema. Na wewe utarudi naye, bwana Afrika Kusini. Kitanda chake simpi mtu."

Nilimfuata bibi mwenyewe. "Shikamoo, bibi. Kwenu kuna shida gani?"

"Marahaba, mwanangu. Hakuna shida. Ni nyumba nzuri, na mtoto wa kaka yangu ni mchapakazi." Akavuta uzi, akafuma kidogo. "Mlango tu ndio sikuupenda."

Nilidhani mlango unahitaji fundi. Nilipanda basi kwenda Iringa, kisha nikafika Kalenga peke yangu, kukagua nyumba kabla ya kumleta.

Mtoto wa kaka yake alinipokea vizuri mno, kwa salamu ya Kihehe. "Kamwene, kamwene, karibu bwana ustawi!" Mkewe alileta chai na viazi. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka kule mtoni, na nyumba ilinuka chokaa mbichi. Wakanipeleka kwenye chumba cha shangazi yao, nyuma ya ua, mbali kidogo na nyumba kubwa. Kuta zilikuwa nyeupe, sakafu ilikuwa imefagiliwa. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa mbao.

"Baridi," alisema yule bwana kabla sijauliza.

Mlango ulikuwa wa mbao nene. Komeo lake lilikuwa la chuma, zito kama la ghala, na lilikuwa nje. Ndani hapakuwa na kitu, hata msumari. Nikauvuta mlango nikabaki ndani, gizani, nikapitisha mkono kwenye mbao. Usawa wa kiuno, chini ya rangi mpya, vidole vyangu vilikuta mikwaruzo. Ilikuwa mingi, na yote ilishuka chini.

Nilitoka haraka kuliko nilivyopenda.

"Hili komeo ni la nini?"

"Bwana ustawi, usinitazame hivyo," alisema. "Shangazi alitoka usiku tukamkuta mtoni, maji yako kifuani. Mimi ndiye niliyemtoa. Wewe ulikuwa wapi? Sasa nani atakesha, wewe?"

Hofu yake ilikuwa ya kweli. Mkewe alitazama chini. Nilimweleza kuhusu dawa, kliniki ya kila mwezi, dalili za kuangalia. Nikamwambia wazi kwamba mtu hafungiwi, na kwamba shangazi akifungiwa nitakwenda kwa mtendaji wa kijiji. Alinisikiliza, kisha akahamia kwingine: hana kitanda cha shangazi, hana godoro, hana blanketi.

Mtu mwingine angeagana nao hapo. Mimi nilizunguka kuazima. Katekista alinipa kitanda. Akina mama wa jumuiya walinipa mablanketi na ndoo. Mjini nilikwenda kwa Mhindi mmoja muuza magodoro, rafiki wa marehemu baba.

"Godoro linaazimwa wapi, bwana? Nunua!"

"Likirudi na doa nitalinunua."

"Baba yako alikuwa na maneno hivyohivyo," alisema, akalishusha.

Nilirudi Kalenga na pikapu imejaa. Nikapanga chumba, nikang'oa mbao za dirisha, kisha nikatoa bisibisi na kulibandua komeo mlangoni.

"Na hili naliazima," nilimwambia mwenye nyumba.

"Komeo haliazimwi."

"Leo linaazimwa."

Bibi alifika kwao wiki iliyofuata. Kabla ya kuingia aligusa ubao pale lilipokuwa komeo, akanitazama.

Nilimtembelea mara kwa mara, na sikupapenda pale. Safari ya kwanza nilikuta gogo kubwa limelala kando ya mlango wake.

"La nini?"

"La kukalia," alisema mtoto wa kaka.

Nikaomba shoka, nikalipasua kuni mbele yake. Safari iliyofuata palikuwa na waya umefungwa kwenye mwimo wa mlango, ncha yake ikining'inia. Nikaukata. Nilipokuja tena nilikuta matundu ya skrubu yametobolewa upya, na vumbi la mbao bado liko chini. Bibi alikuwa amepungua. Hakutania tena. Furushi la kanga lilikuwa limefungwa juu ya kitanda, kama kule wodini.

"Nirudishe Mbeya," aliniambia. "Nasikia anakuja mlangoni anasimama. Hagongi. Anasimama tu."

Mawazoni nilimwona sista wa wodi akicheka. Nikawaita wote uani, mume, mke na bibi.

"Ninasimama kusikiliza kama yupo," alisema yule bwana, sauti ikipanda. "Mnadhani mimi nalala? Nikifumba macho nauona ule mto!"

Bibi alimjibu polepole. "Ulinifungia kwanza. Mto ulikuja baadaye."

"Si kweli, shangazi."

"Ulinifungia nikiwa naumwa. Nikaita maji, hakuna aliyekuja. Nikatoka dirishani. Nilikwenda mtoni kunywa, nikateleza."

"Mgonjwa hakumbuki," alisema akinigeukia. "Bwana ustawi, wewe ni msomi, unajua."

Hapo mkewe, ambaye sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya karibu, alifungua mdomo. "Ni kweli, baba watoto. Alikuwa amefungiwa. Mimi nilimsikia akiita. Ulinikataza kwenda."

Yule bwana alikaa chini pale pale, kwenye udongo. Hakuna aliyemwinua.

Sikusikia tena habari ya waya. Mvua zilipokwisha alichonga kitanda mwenyewe, akanunua godoro na mablanketi, akanitumia ujumbe nikachukue vitu vya watu. Nilivirudisha vyote siku moja. Katekista alipata kitanda chake, akina mama mablanketi na ndoo, Mhindi godoro lisilo na doa, ambalo alilikagua pande zote kwenye jua. Wote walioniazima niliwarudishia, na mjomba alisimuliwa kabla sijafika nyumbani.

Lilibaki komeo. Nilimkabidhi mtoto wa kaka jioni, mawingu yakiwa mazito upande wa mto. Alilipima mkononi, akaenda mlangoni. Nikamfuata kwa karibu, nikiwa tayari kumshika mkono.

"Ndani," alisema shangazi yake.

Akalifunga kwa skrubu upande wa ndani. Bibi akaingia, akasukuma mlango, na tukasikia chuma kikipita taratibu hadi mwisho.

Yule bwana aliusukuma mlango kidogo. Haukufunguka.

"Shangazi, na ukizidiwa humo?"

"Utabisha hodi," sauti ilitoka ndani. "Kama watu wengine."

Alinitazama. Sikumsaidia. Akapangusa viganja kwenye suruali, akainua mkono, akagonga.

"Hodi."

Upepo ulileta harufu ya mto. Tulisimama tukisubiri.