Wageni wa Felisita

Kuna watu wakitaka kueleza utu huandaa semina mjini Bariadi, na chai ya saa nne juu. Mimi ambaye sialikwi huwa namtaja jirani yangu Felisita, mjane wa hapa Mwamapalala, mwenye jembe kali na ulimi mkali zaidi.

Kwetu ukizidiwa na shamba unaita kikundi cha kulima. Watakuja na majembe na nyimbo zao, hawadai kitu, ila lazima wale kwako. Mkono mtupu haulambwi.

Mwaka huo ghala la Felisita lilikuwa tupu. Msimu uliopita mvua ilimtupa, sasa ilikuwa imenyesha mpaka magugu yanayameza mahindi. Akichelewa kidogo tu, angekosa mavuno mara ya pili. Nikamwambia aite kikundi.

"Niwalishe nini, Justina? Mawe?" alinifokea, akarudi kupalilia peke yake.

Niliudhika. Mkaidi yule! Lakini kusema kweli, hata mimi nisingeita. Nikaenda kwa Novatus, kiongozi wa kikundi.

"Mbona hajatuita?" aliuliza.

"Hana cha kuwapa."

Novatus akaenda kukamata kuku.

Kesho yake alfajiri wanawake tuliingia kwa Felisita kwa mlango wa uani, tumebeba unga, maharage, na kuku wa Novatus akipiga kelele njia nzima. Felisita akatoka mbio.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Leo una wageni shambani. Bandika sufuria."

Alitutazama, akautazama unga, akafungua kinywa. Alitaka kushukuru. Nikamkatiza, nikimwita mama kwa Kisukuma: "Mwenye nyumba hashukuru, mayu. Mwenye nyumba anakaribisha."

Kikundi kilifika na nyimbo zake. Hadi jua la utosi, shamba lote lilikuwa jeupe na mahindi yamesimama peke yake bila gugu. Felisita akawanawisha mikono mmoja mmoja, akasema wanavyosema wenyeji wote, "Karibuni. Ni kidogo, mtavumilia." Mimi nikajifanya naangalia moto, kwa sababu machozi yalikuwa karibu kunitoka.

Novatus alikula paja la kuku wake mwenyewe, akalamba vidole, kisha akainuka kumshika mwenyeji mkono.

"Wabeja, mayu," alimshukuru. "Kwako tumeshiba."