Ubaridi wa Bomba la Mwisho

Ghala la mbegu pale Isevya, mjini Tabora, halikuwa na mashine ya baridi. Lilijengwa miaka michache baada ya uhuru, na hewa yake ilipitia kwanza kwenye mabomba marefu yaliyozikwa ardhini, ikapoa huko ndipo ikaingia ndani. Sikuzani wa Ng'ambo aliajiriwa kupima joto kwenye mdomo wa kila bomba, mwaka nenda mwaka rudi, ili ijulikane kama ardhi bado inapoza au imechoka.

Mtaro wa bomba la mwisho, upande wa njia ya zamani ya Ujiji, aliuchimba mumewe, Lukumani. Alipoumaliza akaenda Kigoma kutafuta kazi bandarini, akaahidi kurudi kabla ya mvua. Mvua zikanyesha, zikakatika, Azimio likatangazwa, watu wakahamia vijiji vya ujamaa, Lukumani kimya. Zamda, dada mtu, hakumung'unya maneno: mume amekufa, mdogo wake akae eda, yaishe. Sikuzani hakutaka kulisikia neno hilo. Mtu kasafiri, alijibu, na Tabora nzima imejengwa na watu waliosafiri wakarudi. Lakini alimtamani mumewe mpaka chakula kilimshinda.

Miaka ikaenda, mabomba yakaanza kutoa hewa ya vuguvugu. La mwisho peke yake likabaki na ubaridi wake ule ule. Anselm, msimamizi wa ghala, akakuna kichwa weee. Labda hilo lilizikwa chini zaidi? Kama ndivyo, na mengine yazikwe upya, maana mbegu za vijiji chungu nzima zilikuwa humo na joto la Oktoba lilikuwa linabisha hodi. Akaita vibarua wafukue mtaro ule waone.

Sikuzani alipoona jembe la kwanza linainuliwa, alikwenda akasimama juu ya mtaro. Anselm alimwomba kwa upole apishe. Hakupisha.

"Hamna cha kuona humo, Bwana Anselm. Ni maji tu. Kila jioni mkishaondoka namwaga maji hapa, kama tunavyomwagia kaburi. Mume wangu amekufa, na kaburi lake silijui."

Vibarua wakashusha majembe. Mmoja wao akainua mikono, akamsomea marehemu Fatiha. Anselm, Mkatoliki wa watu, alivua kofia akangoja amalize, kisha akaagiza mitaro yote iwe inamwagiwa maji.

Sikuzani akaenda zake Ng'ambo. Zamda alikuwa uani anapepeta mchele. Sikuzani akamwambia yuko tayari sasa, amkalishe eda.

Ungo ukatulia mikononi mwa Zamda. Miaka yote hiyo ni yeye aliyelilia siku hii ifike, na sasa machozi yalimlengalenga.

"Tungoje kidogo, mdogo wangu," alisema. "Huenda akaja."