Saba Mara Nane

Saba mara nane ni hamsini na sita. Nimeandika hivyo baada ya kutazama ukutani, na sioni haya.

Siku ya usaili, katika shule moja upande wa Nateete, nilikuwa na shahada yangu ya pili ya hisabati ndani ya bahasha na viatu vya kuazima kwa mama. Walitafuta mwalimu wa kidato cha tano na cha sita. Niliitaka kazi ile mpaka usingizi ukanipaa. Mwalimu mkuu, aliyeketi na walimu wengine wawili, hakuifungua hata bahasha. Aliniuliza saba mara nane. Nikasema hamsini na nne.

Walicheka wote watatu. Kisha mwalimu mkuu akaniita nyabo, yaani bibi, na kuniambia, kwa upole wa kuudhi, kwamba darasa la kwanza lina nafasi, maana wanawake mnawaweza watoto.

Damu ikanichemka. Mimi ni mtoto wa polisi, nimekulia kambini, sikufunzwa kuonewa nikanyamaza. Nikamsimulia habari za mwanamke mmoja Mrusi wa karne ya kumi na tisa. Vyuo vya kwao vilimfungia mlango kwa kuwa amevaa gauni. Akafunga ndoa ya jina tu ili aweze kwenda kusoma Ujerumani. Akarudi na udaktari wa hisabati, na kazi waliyomwona anaifaa ni kufundisha wasichana wadogo kuhesabu. Inasemekana aliwajibu kwamba jedwali la kuzidisha ndilo hasa linalomshinda. Uprofesa alikuja kuupata Uswidi.

"Hesabu za kichwani hazijawahi kuniingia," nikamwambia. "Nipe swali ambalo wewe mwenyewe hujui jibu lake."

Hakuwa nalo. Mwalimu wa fizikia aliyekaa kando yake ndiye aliyeandika ubaoni swali la mtihani lililowashinda wanafunzi wake wote. Nikashika chaki. Nilipomaliza ubao ulikuwa umejaa, na yule wa fizikia alikuwa ananakili.

Walinipa muhula mmoja wa majaribio. Mwalimu mkuu akaniongezea zawadi: chati ya kuzidisha ya watoto, yenye picha za ndizi na vipepeo, nisije nikaiaibisha shule. Alidhani nitaichana. Nikaibandika juu ya ubao wa kidato cha sita, na mpaka leo ipo.

Kila mwaka darasa jipya huiona na kucheka. Nawaacha wacheke kwanza.

"Saba mara nane iko pale," nawaambia. "Mimi nimekuja kufundisha yale ambayo hayako pale."